Nyeusi ya baba au mtumba wa Kijapani? Nimezipandisha kilima cha Wete

Assalaam alaykum jamani. Mnaniona natweta, msishangae. Natoka bandarini Wete sasa hivi, nimepanda kilima mara mbili, kila safari na baiskeli yake. Moja nimeipanda mpaka juu. Nyengine nimeisukuma, na watu wa barazani wamenicheka. Ipi ni ipi nitakwambieni.

Hizi hapa, ziko ukutani. Hii nyeusi hakuna asiyeijua: fremu ndefu, ringi za inchi 28, breki za vyuma, keria pana inayopokea gunia la karafuu bila ya kuguna. Ya baba hii, si ya kuuza, usiniandikie. Hii ya rangi ya fedha ni mtumba wa Kijapani, imekuja kwa kontena. Ina kikapu mbele, fremu ya kike, gia tatu. Majina ya kampuni nimeyabandika tepu, kwa sababu kuna maneno nitayasema na sitaki kesi na mtu.

Wengi mmeniuliza: gia zina maana yoyote Pemba? Nitajibu, lakini niacheni nianze mbali kidogo.

Baiskeli ya mwanzo haikuwa na pedeli kabisa. Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitoka Mannheim tarehe 12 Juni 1817 amekalia kitu cha mti chenye magurudumu mawili, anasukuma ardhi kwa miguu, kushoto, kulia, kama mtoto anayejifunza. Alikwenda na kurudi kama kilomita 13. Hiyo haifiki hata nusu ya njia ya Chake kuja Wete, lakini mwanzo ulikuwa ndio huo.

Pedeli zikaja Paris miaka ya 1860, zikafungwa kwenye gurudumu la mbele moja kwa moja. Hapo ndipo penye hesabu, nisikilizeni. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, basi. Ukitaka mwendo, dawa yake ni kulikuza gurudumu. Ndiyo maana mkiona picha za Waingereza wa miaka ya 1870 wamekaa juu kabisa, gurudumu la mbele linamfika mtu kifuani na la nyuma kama sinia, hawakuwa wanafanya mzaha. Gurudumu la inchi 54 linakupeleka mita 4.3 kila ukizungusha. Ukigonga jiwe, unatangulia kichwa.

Mpwa, sogeza kamera huku kwenye mnyororo wa hii nyeusi. Karibu zaidi. Mnaona chaki? Nimehesabu meno. Mbele 44, nyuma 18. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu. Jana nimetia alama kwenye tairi, nikaikokota hapo uani na kupima kwa futi kamba: mita 5 na sentimita 40 na ushei. Yaani mimi niliyekaa chini, miguu inagusa ardhi, namshinda yule bwana wa juu kwa zaidi ya mita nzima kila mzunguko. Mnyororo ndio uliofanya hivyo. John Kemp Starley wa Coventry hakuwa wa kwanza kuufikiria, lakini baiskeli yake ya Rover ya mwaka 1885 ndiyo iliyoshika: magurudumu yanakaribiana ukubwa, mnyororo unavuta la nyuma. Itazameni hii ya baba. Mtu wa wakati ule angeipanda bila ya kufundishwa.

Shikamoo bi mkubwa! Marahaba anasema. Pita tu, tunarikodi.

Enhe. Upepo wa tairi, huo ni wa John Boyd Dunlop, Mskoti, daktari wa mifugo kule Belfast, mwaka 1888. Alimtengenezea mwanawe, maana ya mtoto ilikuwa na mpira mgumu na inamrusharusha. Baadaye ikaonekana kuwa Mskoti mwengine, Robert William Thomson, alishasajili wazo hilo tangu 1845, ila wakati wake baiskeli zenyewe hazikuwapo za kutilia upepo huo. Na raha hiyo ililipiwa na wengine. Ulaya na Marekani zilipoingiwa na wazimu wa baiskeli miaka ya 1890, mpira ulitakiwa mwingi, na kule Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji watu walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu huo. Mimi kila nikiziba pancha hulikumbuka hili.

Turudi kisiwani. Adui wa baiskeli hapa kwetu ni wawili, chumvi na mchanga, na wote wawili hawalali. Breki za waya zinaliwa kutu humo ndani ya mpira wake, huoni kitu, siku moja unabana na mkono unafika kwenye usukani. Hii nyeusi breki zake ni fimbo za chuma tupu. Kutu ukiingia unauona, unasugua, unatia mafuta, yamekwisha. Watu wanaziita za kizamani. Sawa, lakini za baba hizi.

Gia sasa. Zipo za nje, zile mnyororo unaruka kutoka kidude kimoja kwenda chengine. Mtoto wa jirani alinunuliwa baiskeli ya namna hiyo, akawa anakwenda nayo pwani kila Ijumaa. Msimu mmoja tu. Ukiizungusha inasema krr, krr, kama mtu anatafuna changarawe. Sizisifu hizo.

Hii ya Kijapani gia zake zimefichwa ndani ya habu, pale kitovuni mwa gurudumu la nyuma. Si ujanja mpya: kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza na gia tatu za namna hii mwaka 1902. Ndani mna vijigurudumu vya meno vinavyolizunguka gurudumu la meno la katikati. Gia ya pili ni mwendo wa kawaida, ya kwanza inapunguza kama robo, ya tatu inaongeza kama theluthi. Mchanga hauingii kirahisi, na mnyororo wenyewe umevikwa ganda zima, hata buibui halinaswi.

Muuzaji aliniapia kwamba haijaguswa. Nilipoifungua, grisi imeganda kama halua ya mwezi jana. Nikaosha kila golori kwa mafuta ya taa, nikatia grisi mpya, na jioni nzima ikaenda hapo. Ukinunua mtumba, hesabu na jioni hiyo. Bei sitaitaja, kwa sababu ikivuka bahari kuja huku si ile tena.

Kilima basi. Nyeusi ndiyo niliyoisukuma, kuanzia nusu ya njia. Mita 5.4 kwa kila mzunguko ni tamu kule Unguja, Paje na Jambiani kwenye tambarare, huku kwetu magoti yanakataa. Ya Kijapani gia ya kwanza inakwenda kama mita 3 na nusu. Nilipanda polepole, karibu nipitwe na mbuzi, lakini nilifika juu nimekaa. Kushuka ndiyo aibu: breki yake ya nyuma inalia mpaka watu wanatoka madukani. Nimeisafisha, bado inalia.

Na keria yake haifai. Nimeitia nusu gunia la muhogo, ikapinda, mnaona hapa? Spoku mbili nazo zimelegea. Hii kaifanyieni safari ya skuli, sokoni, mama na kikapu chake. Karafuu zikianza, gunia litakwenda kwenye nyeusi, na kilimani nitashuka nisukume kama baba alivyokuwa akisukuma.

Mwenye gurudumu la nyuma zima la inchi 26, lenye spoku nene, aniandikie hapo chini tubadilishane kitu. Ni kwa ajili ya hii ya fedha. Ile nyengine nimeshasema.