Mjusi mrefu au mwenye miiba? Wawili wa Tendaguru
Ukitaja mjusi wa kale (dinosaria) wa Tendaguru pale Lindi, Tanzania, wengi humfikiria Giraffatitan, yule ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo unateremka kuelekea mkiani na shingo inapanda kufuata majani ya juu. Kentrosaurus, aliyechimbuliwa hukohuko Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ni kinyume: kiuno juu, mabega chini, kichwa karibu na ardhi. Mita nne na nusu hivi, kichwa hadi mkia. Wote walikula mimea. Mimi namchagua huyu mdogo (sifa zote kapewa mwenzake!): bapa za mfupa shingoni zinageuka miiba mirefu kuelekea mkiani, na mkia wenyewe ni silaha.