Kuchagua Ukubwa wa Kipande cha Mti kwa Sanamu za Vibonzo

Wanunuzi wengi wa vipande vya kuchongea sanamu za vibonzo hutazama kwanza urefu, ilhali kinachoamua kazi ni unene. Mwili wa mtu mzima una urefu wa takriban vichwa saba na nusu, lakini mchongaji wa vibonzo hukikuza kichwa hadi mwili wote uwe vichwa vinne au vitano tu. Kwa hiyo sanamu ya sentimita 15 hubeba kichwa cha sentimita 3 hadi 4, na bado mabega, kitambi na ukingo wa kofia vinahitaji nafasi yake. Nimevipanga vipimo vifuatavyo kwa kigezo hicho, nikichukulia kwamba mti ni baswudi au mwingine laini wenye nyuzi zilizoshikana, na kwamba nyuzi zinapanda wima kutoka miguuni hadi kichwani.

Nafasi ya kwanza naipa sentimita 5 × 5 × 15 bila kusita. Kipande hiki hukaa vizuri katika kiganja, kisu hukizunguka pande zote, na uso hutoka mkubwa kiasi cha kuchongeka macho: jicho lina upana wa milimita tano au sita, hivyo ncha ya kisu inaweza kutoa kipande kidogo cha pembetatu katika kila kona ya jicho bila kuvunja kope. Faida nyingine hupatikana ukiielekeza pua kwenye kona ya kipande badala ya ubavu. Kutoka kona hadi kona kuna takriban sentimita 7, kwa hiyo pua hupata mti wa kutosha, na mashavu huanza yakiwa yameshainama kurudi nyuma. Ukiweza, chagua chenye urefu wa sentimita 17 au 18, ili kisehemu cha chini kibaki cha kushikia na kikatwe mwishoni.

Ya pili ni 7.5 × 7.5 × 20, kwa aliyekwisha kuzoea kisu na anayetaka makunyanzi, meno na vifungo vya shati vionekane. Ajue tu kwamba ujazo wake ni mara tatu ya ule wa kwanza, na sehemu kubwa ya ziada hiyo itaishia kuwa chembe sakafuni, hivyo patasi, bobari (patasi yenye makali yaliyopinda) na jiriwa (kibano cha mezani cha kushikia kipande) vitahitajika. Aliye na msumeno wa mkanda, au anayenunua kipande kilichokatwa umbo tayari, hupunguziwa kazi hiyo.

Ya tatu ni kipande kipana cha 5 × 10 × 15. Kinafaa kwa mtu aliyeketi, aliyeshika kiuno, au aliyesimama na mbwa wake. Usikinunue kwa ajili ya mkono ulionyooshwa kando, kwa sababu nyuzi zitaukata mkono huo kwa upana na utavunjika kwa kuguswa tu. Mkono wa namna hiyo huchongwa peke yake, nyuzi zikifuata urefu wake, kisha hupachikwa kwa gundi.

Kipande chembamba cha 2.5 × 2.5 × 12.5 nimekiweka cha nne, ingawa ndicho wanaoanza hushauriwa mara nyingi. Huokoa mti, lakini macho huwa madogo mno na kope humomonyoka. Kinafaa zaidi kwa mtindo wa michongo bapa, yaani sanamu zinazoachiwa nyuso pana za mkato wa kisu, isiyo na mapambo mengi. Cha mwisho ni 10 × 10 × 30, ambacho kwa unene wake hukauka nje kabla ya ndani na hivyo hupata nyufa kwa urahisi.

Kabla ya kulipa, uliza kama vipimo vilivyotajwa ni vya kabla au baada ya kupigwa randa, kwani milimita chache zikipotea ukingo wa kofia ndio huumia kwanza. Tazama ncha zote mbili: zikionyesha moyo wa mti, yaani kile kitovu kinachozungukwa na pete, kiache kipande hicho, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Kisha kipime uzito. Kipande cha baswudi kavu cha 5 × 5 × 15 huwa na gramu 150 hivi. Kikizidi sana hapo, huenda bado kina maji.