Uzoefu wangu Grimsby: jumba la makumbusho ya uvuvi na trola ya Ross Tiger

Ukifika Grimsby, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza, na una saa chache tu, zimalizie ndani ya Ross Tiger, trola (meli ya uvuvi inayokokota nyavu) iliyogeuzwa makumbusho. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaopita mji huu hupiga picha mnara wa bandari, wakala chipsi, wakarudi zao. Mnara ni mzuri, siukatai. Una urefu wa mita 94, ulikamilika 1852 kwa kuiga mnara wa Siena kule Italia, na kazi yake ilikuwa kuyaweka maji juu sana ili nguvu yake iendeshe milango ya bandari na kreni. Lakini hautakueleza watu wa hapa walichumaje riziki yao. Trola itakueleza.

Ross Tiger iliundwa 1957, enzi ambazo Grimsby ilitajwa kuwa bandari kubwa ya uvuvi kuliko zote duniani. Imefungwa gatini Alexandra Dock, ubavuni mwa Grimsby Fishing Heritage Centre, ndilo jumba la makumbusho ya uvuvi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Aliyetutembeza melini ni mzee ambaye mwenyewe alikuwa mvuvi wa trola, na kwangu hilo peke yake linatosha kulipa tiketi.

Mimi nimekulia Pwani ya Kenya kati ya wavuvi, kwa hiyo nilikwenda na maswali ya kivuvi, si ya kitalii. Mzee aliyafurahia. Alinisimamisha ubavuni, penye tao zito la chuma linalopitisha waya za kukokotea nyavu, akanionyesha kazi ilivyokwenda. Trola za namna hii zilishusha na kupandisha nyavu kwa ubavu, si kwa nyuma kama za siku hizi. Maana yake meli ilibidi iukabili upepo kwa ubavu, na bahari ikawapanda waliosimama pale pale nilipokuwa nimesimama. Samaki walimwagwa sitahani, wakapasuliwa na kutolewa matumbo hapo hapo, nje, katika baridi na mvua, kisha wakashushwa chini kwenye barafu. Kazi ya saa 18 kwa siku ilikuwa jambo la kawaida. Niliutia mkono ukingo wa meli, chuma kitupu, baridi hata siku ya jua, nikajiuliza vidole vilishikaje kisu usiku wa Januari.

Meli kubwa za mji huu zilikwenda mbali zaidi, hadi Iceland na Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norway na Urusi, safari ya wiki tatu hivi. Huko maji ya bahari huganda juu ya milingoti na kamba. Barafu ikizidi, meli inalemewa juu na kupinduka, ndiyo maana mabaharia walitoka na mashoka kuivunja. Nyumbani walikaa siku mbili tatu wakitumia walichopata, mji ukawabandika jina la mamilionea wa siku tatu. Wake zao hawakufua nguo siku ya safari, wakihofia kumfua mume akaenda na maji. Sisi tuliozaliwa kwenye miiko ya bahari hatuwezi kushangaa.

Ndani, jumba la makumbusho limetengenezwa kwa sura ya miaka ya 1950. Unapita chumba cha injini chenye joto, sitaha inayoyumba, baridi ya kaskazini, hadi mitaa ya wavuvi wenyewe. Watoto watalipenda. Mimi nilikaa zaidi kwenye suala la malipo. Samaki walinadiwa, gharama za safari zikatolewa, kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu, na baharia aliyerudi na safari mbaya aliweza kujikuta anadaiwa. Anayejua fungu la chombo na fungu la nyavu kwetu ataielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Halafu kuna habari ya Iceland, nayo ndiyo roho ya mji huu. Iceland ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hatua kwa hatua: maili 12 mwaka 1958, 50 mwaka 1972, 200 mwaka 1975. Meli zake za doria zilikata waya za nyavu za Waingereza, manowari za Uingereza zikaja kulinda trola, na mwaka 1976 Uingereza ikakubali. Grimsby ikabaki na meli zisizo na pa kwenda. Mabaharia walihesabiwa kuwa vibarua, kwa hiyo wakaachwa mikono mitupu. Serikali ilitangaza mpango wa kuwafidia mwaka 2000, wengine walishakufa.

Nawahurumia kwa dhati, na bado nasema Iceland ilikuwa na haki. Ni Kenya, kupitia mwanasheria wake Frank Njenga, iliyopeleka wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari mbele ya mataifa mwaka 1972, na maili hizo 200 ndizo zinazotulinda sisi leo dhidi ya trola za wageni. Tena bahari ina undugu wake. Februari 1968 trola ya Grimsby, Notts County, ilipokwama kwenye dhoruba katika ghuba la Ísafjarðardjúp, kaskazini magharibi mwa Iceland, walionusurika waliokolewa na Óðinn, meli ya doria ya Iceland yenyewe.

Angalizo dogo: ngazi za melini ni wima na nyembamba, mwenye magoti mabovu abaki jumba la makumbusho. Na kwa Waislamu, maduka mengi ya chipsi eneo hili hukaangia mafuta ya ng'ombe. Ulizeni kabla ya kuagiza. Duka nililoingia mimi hawakuwa na subira na swali hilo, nikaondoka.

Badala yake nunueni haddock ya moshi ya Grimsby, samaki wa bahari za kaskazini mwenye nyama nyeupe. Jina lake limelindwa kisheria tangu 2009: minofu hutiwa kwenye maji ya chumvi, ikatundikwa usiku kucha ndani ya bomba refu la matofali juu ya unga wa mbao unaofuka polepole. Siku hizi samaki wenyewe hutoka sana Iceland na Norway, na mji umebaki hodari wa kuwatayarisha. Moshi wake ni mwepesi, hauchomi koo, na nyama inaachana vipande vikubwa vyenye maji. Niliipika kwa tui zito, bizari kidogo, pilipili mbichi na ndimu, nikala kwa wali. Chumvi msiongeze hata chembe, na samaki aingie mwisho kabisa, tui likishachemka, maana dakika chache tu zinamtosha.