Fistula ya mkono: ya kwanza iliziba, ya pili inanguruma

Kwanza tuelewane, hii siyo ile fistula ya uzazi. Nilipompigia shangazi kumwambia nafanyiwa fistula alinyamaza kwanza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa baba, wewe mwanaume imekupataje?"

Hii ni ya sisi wa kusafisha damu kwa mashine, ambao figo zimeshindwa kazi. Vena ya mkono, mshipa unaorudisha damu moyoni, inaunganishwa na ateri, ule unaoitoa moyoni, ili damu ya kasi ipite humo, vena itanuke na kukomaa, iweze kuchomwa zile sindano mbili nene kila unapopanda mashine. Bila hiyo unabaki na mpira wa kupitishia damu shingoni, na mpira unaleta maambukizi. Wangu ulinipa homa ya kutetemeka mara mbili.

Ya kwanza nilifanyiwa hospitali ambayo sitaitaja. Daktari alinifunga mkono wa kushoto, akabonyeza juu ya kifundo, akasema mshipa upo. Hakunipima kwa ultrasaundi wala hakuuliza natumia mkono upi. Mimi ni mashoto, na ni fundi cherehani! Siku ya tisa niliamka mtetemo wa damu kwenye fistula haupo. Vena ilikuwa imechakazwa na kanula, vile vijimrija vya dripu, za nilipokuwa nimelazwa. Kwa hiyo ukishaambiwa figo zinashuka, linda vena za mikono yote miwili. Mwambie nesi achome mgongo wa kiganja.

Hospitali ya pili ndiyo ninayoipa nyota. Walipitisha ultrasaundi mikono yote, wakapima upana wa vena kwa milimita, wakaichora kwa kalamu. Mkono wa kulia, kwenye kiwiko. Ganzi tu, mimi macho makavu. Daktari alivaa miwani ya kukuza, akanieleza kwamba mtindo wa kwanza, ule wa kwenye kifundo, ulitangazwa mwaka 1966 na kina Brescia na Cimino, madaktari wa New York. Nikamwomba anionyeshe uzi. Jamani, ni mwembamba kuliko unywele, na sindano yake imepinda kama ukucha wa paka. Ubavu wa ateri unachanwa kidogo, mdomo wa vena unapachikwa hapo, mishono inazunguka pande zote, sawasawa na kupachika mkono wa shati. Ukivuta uzi sana panafinyana, ukilegeza panavuja. Hapo nilimheshimu.

Baada ya hapo ni kusubiri. Nilifinya mpira wa tenisi wiki sita, ncha za vidole zikiwa za baridi. Waliniambia zikianza kuuma au kubadilika rangi nirudi siku hiyo hiyo. Walipopima tena, vena ilikuwa imezidi milimita 6. Wakaanza na sindano nyembamba, na mwezi uliofuata mpira wa shingoni ukatolewa. Sasa kila asubuhi naweka sikio kwenye kiwiko: inanguruma kama cherehani inayozunguka bila kitambaa.

Nyota moja naikata. Siku ya kliniki unafika saa moja asubuhi, unamwona daktari saa tisa. Na mapokezi, binti mmoja alishanizungushia kipimo cha presha kwenye mkono huo huo wa fistula! Niliuchomoa kabla hajapampu. Siku hizi naenda na bangili ya kitambaa chekundu niliyojishonea, na juu yake nimetarizi: USIPIME HAPA.