Laki Moja na Nusu ya Kuvaa Kitunguu: Uzoefu Wangu

Sweta la kwanza nililijaribu Ngamiani, hapa Tanga, mwezi wa tatu, saa nane mchana. Umeme hakuna, panga boi limelala, jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino. Yule dada wa mitumba alinipepea kwa kipande cha boksi, akanihurumia kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, usilivue kwanza. Vaa na hili koti juu yake." Nikajiuliza kama nimekuja kununua nguo au kupikwa.

Nilikuwa na safari ya siku 12 kwenda kwa dada yangu, anayeishi Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Ilikuwa Aprili. Huku kwetu ni masika, barabara zimegeuka mito. Kule ni majira ya kuchipua. Mimi niliposikia kuchipua nikawaza maua na viatu vya wazi. Dada akanicheka kwenye simu mpaka nikakasirika. Asubuhi nyuzijoto 4, akasema, mchana labda 13, na jioni upepo wa baharini unakurudisha palepale ulipoanzia. Wenyeji wana msemo kwamba Aprili hufanya inavyotaka. Akanionya nisije na jaketi moja nene la kujifunika mwili mzima, maana ndani ya basi na dukani kuna joto, nitalivua, nikitoka nje nitaganda. "Vaa kitunguu," akaniambia. Nikadhani simu inakatakata. Kumbe Wajerumani wenyewe huita hivyo, Zwiebellook, yaani vazi la kitunguu: ganda juu ya ganda, unamenya kadiri siku inavyopata joto na unajirudishia likipungua.

Ndiyo nikaelekezwa kwa huyu dada wa Ngamiani. Wengi wanamjua kama muuza mitumba tu, ila ana huduma nyingine ya kumpangia mtu nguo za safari. Unamwambia unakwenda wapi, siku ngapi, una nguo gani nyumbani, na unavaaje. Mimi ni mtu wa hijabu, hilo alilizingatia bila kuhimizwa. Akifungua belo anakuwekea pembeni zinazokufaa, kisha anakuita. Alinitaka niende na nguo zangu pia, nikabeba magauni mawili, sketi ndefu moja na mitandio yangu yote. Akatandika mkeka, akazipanga nguo mkekani kama zimevaliwa na mtu asiyeonekana, akapiga picha kila mpango na kunitumia kwenye simu. Ilipofika jioni nilikuwa na picha 12 kutoka kwenye nguo chache kabisa. Kule Kiel sikuwaza asubuhi nivae nini. Nilifungua picha ya siku hiyo, nikavaa, nikatoka.

Kwa kweli nilichomlipia zaidi ni jicho lake. Mimi nilikuwa na mazoea ya kurundika: nikisikia baridi naongeza sweta, nikisikia tena naongeza jingine, naishia kufanana na gunia la mkaa lililofungwa kamba kiunoni. Yeye akanionyesha mambo ambayo mpaka leo sijayasahau. Nguo nyepesi na ya kubana ndiyo ikae mwilini, inayofuata iwe na nafasi, ya nje ipwaye kuliko zote, kwa sababu kinachoshika joto ni ile hewa iliyonaswa katikati. Ukijikaza nguo tano hewa haina pa kukaa, baridi inapita vilevile. Halafu urefu. Nguo zako zisikatie mahali pamoja. Fulana ya ndani ichungulie vidole viwili chini ya sweta, koti lishuke mpaka magotini liyafunike yote, na sketi ionekane chini ya koti kama pindo la kanga. Alipoliambia jicho langu lilitazame hilo pindo, nikaanza kuelewa kwa nini wanawake wengine wakivaa nguo nne wanaonekana wembamba.

Kwenye rangi alikuwa mkali. Nilitaka sweta lenye maua, akalirudisha kwenye rundo bila kunijibu. Alinichagulia sweta la rangi ya samli na jingine la damu ya mzee, suruali mbili za kadeti, moja kijivu na moja bluu iliyoiva, koti la mvua la rangi ya udongo. Nikamwambia zimepoa mno, nitaonekana mgonjwa. Akasema zimepoa makusudi, kwa sababu kizibao kitakuwa cha kitenge, na kitenge kikipiga kelele vingine vyote vinyamaze.

Kizibao hicho ndicho kilichonipeleka kwa fundi, mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu barazani, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha yule dada. Wanafanya kazi pamoja. Nilimwamkia, akaitika marahaba mwanangu, nikaanza kumweleza habari za kitunguu kwa mbwembwe za mtu aliyejifunza jambo jana yake. Alinisikiliza huku akitunga uzi. Kisha akaniuliza bwana harusi wetu hapa Tanga anavaa nini. Nikaanza kuhesabu: fulana, kanzu, kizibao, joho, kilemba. Akacheka, akarudi kwenye cherehani. Sikuwa na la kuongeza.

Ni kweli, watu wa mwambao tumekuwa tukivaa nguo juu ya nguo miaka yote kwenye joto hili, kwa heshima na kwa urembo. Tofauti ni kwamba hatujawahi kuhitaji kuota moto. Na kizibao kina akili yake. Hakina mikono, kwa hiyo kinapasha kifua na mgongo bila kuziba kwapa, na koti linapita juu yake bila kugombana. Ukivaa masweta mawili ndani ya koti utajua ninachosema: mikono inabaki imetanuka kama umebeba mapipa.

Bei sasa, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Fulana 3 za mikono mirefu, 5,000 kila moja. Masweta 2, kila moja 12,000. Suruali 2 kwa 10,000 kila moja. Koti 35,000, tulianzia 45,000. Skafu ya sufu alinipa bure. Hapo ni 94,000, na kazi yake ya kunipangia 20,000. Fundi alichukua 25,000 kwa kizibao chenye bitana, kitenge nilikuwa nacho mwenyewe, na 11,000 kwa kupunguza koti mabegani na kukunja suruali. Jumla laki moja na nusu kamili. Taiti na soksi nilinunua mpya dukani, maana nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku nchini, na hata zisingepigwa nisingezivaa. Nguo zote za mitumba nilizilowekea maji ya moto, nikazianika juani siku mbili na kuzipiga pasi, kwani zilikuwa zinanuka vile vidonge vya kufukuza nondo. Anayekwambia hazinuki amezoea.

Kiel ilinipokea na mvua nyembamba ya kupeperuka, ile isiyolowesha nguo lakini inaingia mpaka mifupani. Asubuhi yangu ilikuwa hivi: taiti, fulana, sketi ndefu, sweta la samli, kizibao, koti, mtandio wa pamba kichwani na skafu ya sufu shingoni, ncha zake zimeingizwa ndani ya koti ili nisionekane nimebeba mtoto. Basini koti wazi. Dukani koti mkononi. Saa saba jua likatoka, sweta nikalivua, nikabaki na fulana, kizibao na sketi, na hapo ndipo kitenge kilipofanya kazi iliyokusudiwa. Mama mmoja mtu mzima alinisimamisha sokoni akashika bitana ya kizibao kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa. Dada yangu alitafsiri: anauliza kimeshonwa wapi. Tanga, nikajibu mwenyewe, bila kusubiri tafsiri.

Siku ya tano tukaenda Eckernförde, mji rafiki wa jiji letu, kama kilomita 30 hivi kutoka Kiel. Ni mji wa bandari ndogo, wanakausha kwa moshi samaki wadogo mfano wa dagaa, wanawala mzima mzima, kichwa na mkia. Ningekuwa na ndimu na pilipili ningekaa pale mpaka jioni. Na ni hapo huduma niliyoisifu iliponiangusha mara ya kwanza. Zile fulana tatu zote zilikuwa za pamba. Tulitembea haraka kuwahi basi, nikatoka jasho, pamba ikalinywa lote, kisha tukasimama gatini. Bahari yetu ikivuma jioni tunakwenda Raskazone kupunga upepo. Bahari ya Baltiki mwezi wa nne bado ina baridi ya kipupwe chao chote, nchi kavu imeshaanza kupata joto, na upepo unaotoka kule unakukuta na fulana mbichi mgongoni. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Dada akanipa fulana yake nyembamba ya sufu niliyoivaa siku zote zilizobaki. Inaonekana kwa mtu anayetembea sana, ganda la kwanza liwe la sufu au la zile fulana za michezo zinazokauka upesi. Yule dada wa mitumba nilimwambia niliporudi. Hakubisha, akasema yeye baridi ameiona Lushoto tu.

Kosa la pili ni la fundi na langu. Alinipima nikiwa na blauzi nyepesi, kwa sababu ya lile joto, na kizibao kikaja kunibana kwapani kilipokutana na sweta. Nilikirudisha mara mbili, na mara ya pili nilikipata usiku wa kuamkia safari, bitana imeshikizwa kwa mkono upande mmoja. Ukienda kupimwa vaa kila kitu kitakachokaa ndani, hata kama utazimia. Kosa la tatu ni zipu ya koti. Ilikwama siku ya nane, ikanilazimu kulivaa kupitia kichwani kama kanzu mbele ya wageni wa dada yangu.

Jambo moja dogo halikuhusu nguo lakini lilinisumbua kuliko baridi: kule katikati ya Aprili jua linazama saa mbili na robo usiku. Nilikuwa nimezoea magharibi na chakula vinafuatana. Tumbo langu halikuelewa mpaka narudi.

Swali nililoulizwa zaidi hapa nyumbani ni nitazifanyia nini nguo hizo Tanga. Kizibao nakivaa Ijumaa kazini, juu ya gauni jeupe, na watoto wa kidato cha nne wameniita bwana harusi. Mwezi wa saba tulikwenda Lushoto kwenye msiba, tukapanda pale Mombo ile barabara ya kona kona, na nilivyoshuka kwenye gari, ukungu umelala mpaka barazani, mimi ndiye niliyekuwa na fulana, sweta, kizibao na skafu wakati wenzangu wanagawana kanga moja watu watatu. Nikamvulia shangazi sweta la damu ya mzee. Halijarudi, na sioni namna ya kulidai.

Ningemtumia tena huyu dada? Ndiyo, na nimeshamtumia mdogo wangu kwake. Jicho lake nalipa nyota tano, fulana zake mbili. Fundi nampa nne, moja nimemkata kwa ule usiku wa kuamkia safari. Koti bado liko kwake anabadilisha zipu. Aliniambia nilifuate kesho, na hiyo kesho ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita.