Boksi la kuzungushia saa za otomatiki: nimelitumia, hiki ndicho nilichokiona

Wakuu habari zenu. Naongelea lile boksi la kuwekea saa za otomatiki (zile zisizo na betri, zinazojaa zenyewe mkono ukitikisika) zisisimame wakati hujazivaa, lile lenye kioo mbele na kimto ndani kinachozunguka, ukiliona kwenye picha unasema kabisa huyu jamaa ana hela. La kwangu ni la saa mbili, la Mchina, halina jina la maana, lilinitoka laki na ushee mpaka kufika mlangoni, na nimekaa nalo vya kutosha kulisema.

Jibu langu natoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kama saa yako ni ya kawaida, yaani ina saa, dakika, tarehe na pengine siku, hili boksi sio lazima, iache saa isimame, haipati madhara yoyote. Mwenye muda tuendelee maana kuna vitu humu ndani watu wanadanganyana sana.

Saa zangu ni tatu (boksi la mbili, ndio, najua). Moja ni Seiko 5 ya zamani yenye mashine ya 7S26, hii haina kujaza kwa mkono, ukizungusha kile kifunguo cha pembeni haijai hata kidogo, yenyewe inajaa kwa mkono kutikisika tu. Ya pili ni Seiko 5 Sports, hizi zilizotoka kuanzia 2019, ndani ina 4R36, unaijaza kwa mkono ukitaka na ukivuta kifunguo mshale wa sekunde unasimama ukaset vizuri. Ya tatu Tissot PRX yenye Powermatic 80. Hizo Seiko zote mbili zikijaa zinatembea masaa 41 hivi, kwa hiyo ukivua Ijumaa jioni ukarusha kwenye meza, Jumapili kabla ya mchana imekata. Tissot inaenda masaa 80, unaivua Ijumaa unaikuta Jumatatu asubuhi inadunda bila wasiwasi. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye boksi, mtu mwenye mashine ya masaa 80 anayevaa saa siku za kazi tu hana shida ya kutatua.

Sasa lile boksi linafanya nini. Ndani ya saa kuna kipande cha chuma nusu duara, rota, ukitikisa mkono kinazunguka na kinakaza kamani, yaani springi ya ndani, na kamani ndio inayosukuma saa. Boksi linaigeuza saa nzima taratibu ili rota ibaki inaning'inia chini kwa uzito wake na kamani ikazwe, ni hivyo tu. Ndio maana ukinunua linakuuliza mizunguko mingapi kwa siku na upande upi. Seiko zinajaa pande zote mbili, kulia kushoto poa, lakini kuna mashine kama Miyota 8215 au Valjoux 7750 zinajaa upande mmoja tu, ukiziweka kwenye boksi linalozunguka upande usio wake zitazungushwa mpaka kiama na bado zitasimama, halafu unaanza kumlaumu aliyekuuzia saa.

La kwangu lina mizunguko 650, 800 na 1,000 na kuendelea kwa siku, na kitufe cha upande. Nikaweka 4R36 kwenye 650 pande zote, nikaiacha humo siku kadhaa, nikawa napita naiona inatembea nasema safi. Lakini kutembea sio kujaa, na hapa ndipo wengi wanaishia. Namna ya kujua ni rahisi sana, itoe saa kwenye boksi, ilaze mezani usiiguse, halafu hesabu inachukua muda gani kufa. Kama ilikuwa imejaa itakaribia hayo masaa 41. Ya kwangu haikumaliza hata siku moja. Yaani boksi lilikuwa linaipa uji wa kuponea, na kamani ikiwa karibu kuisha saa nyingi zinaanza kuyumba, mara inawahi mara inachelewa.

Nikakaa chini kuangalia shida iko wapi. Kumbe ule mto. Ni mdogo kuliko mkono wangu, mkanda wa chuma ukishafungwa unabaki na nafasi, saa inateleza inalala uso juu badala ya kukaa wima, na saa ikilala uso juu rota haina pa kuangukia, inazunguka pamoja na saa yenyewe, hapo hujazi chochote unachoma umeme. Nikakata kipande cha sponji la kuoshea vyombo (jipya jamani), nikakiviringisha kwenye ule mto, mkanda ukabana vizuri, nikapandisha na mizunguko mpaka 800. Nilivyorudia lile jaribio la mezani ikatembea karibu masaa yake yote. Sasa niambie, kitu cha laki na kitu kinahitaji sponji.

Kelele. Mchana husikii kitu, usiku chumba kikitulia unasikia mota inaanza, vrrr, inakaa, halafu kile kipande cha plastiki kinagonga tik, inatulia, baada ya muda tena. Mama watoto aliuliza mara ya kwanza kama kuna panya kabatini. Nikalihamishia sebuleni. Na umeme ukikatika ukirudi, langu linaanza na mpangilio lililotoka nao kiwandani, sio ule uliouweka wewe, kwa hiyo kila umeme ukikata inabidi uende ukabonyeze upya. Kwa mazingira yetu hiyo ni kazi ya kudumu. Kuhusu sumaku ya mota kuathiri saa, nilisogeza dira ndogo nikaona mshale wake unahama ukiwa nyuma kabisa karibu na mota, pale mbele saa inapokaa hamna kitu. Mwenye kulaza saa juu ya spika kubwa ya redio ndio awe na hofu, saa ikishika sumaku ule uzi mwembamba wa ndani uliojiviringisha unagandana na saa inaanza kukimbia kama imelewa.

Tuje kwenye ile hoja kubwa, kwamba saa ikikaa bila kutembea mafuta yanaganda. Hii niliambiwa na fundi mmoja Kariakoo, mzee wa siku nyingi mwenye lensi yake jichoni, nimemwamkia nikamuuliza, akasema mwanangu saa ni kama gari, liache uani miezi uone kama litawaka. Mzee namheshimu sana na kazi yake ni safi, lakini hapa sikubaliani naye. Gari likikaa linaharibika betri, matairi, breki zinashika kutu, na saa haina hata kimoja kati ya hivyo. Ila hiyo imani haikutoka hewani, zamani ilikuwa na ukweli wake. Mafuta ya saa ya enzi hizo yalikuwa ya wanyama, kule New Bedford Marekani ilikuwa biashara kabisa kukamua mafuta ya taya za pomboo kwa ajili ya saa, na mafuta ya namna hiyo yanaoza, yananata. Siku hizi wanatia mafuta ya maabara ambayo hayagandi kwa sababu saa imepumzika wiki tatu. Yatachoka kwa miaka, hilo halikwepeki, na yatachoka saa ikiwa inatembea au imelala, dawa yake ni service.

Halafu geuza hoja upande wa pili. 4R36 inapiga mara 21,600 kwa saa moja. Kwa siku nzima ni 518,400. Hiyo ni gurudumu dogo linaloenda kulia na kurudi, meno yanasuguana, ekseli nyembamba kama unywele zinazunguka kwenye vijiwe. Saa iliyosimama haisuguani na chochote. Sasa wewe una saa tatu unavaa moja, hizo mbili unaziweka zipige nusu milioni kwa siku kwa ajili ya nani? Na kamani ya otomatiki ikijaa haikatiki, mwisho wake unateleza kwenye ukuta wa kopo lake kwa makusudi ili usiijaze kupita kiasi, kuna grisi maalum pale. Boksi likiwekwa mizunguko mingi linaifanya iteleze muda wote. Sio kwamba saa itakufa kesho, ila unamlipa fundi mapema kwa kitu ambacho hukukivaa.

Na kuna hili ambalo ndilo lililonimaliza. Watu wanasema raha ya boksi ni kuchukua saa asubuhi ikiwa tayari, huhangaiki kuset. Seiko wenyewe wanasema 4R36 inaweza kuwahi mpaka sekunde 45 au kuchelewa mpaka 35 kwa siku. Ikiwahi hizo 45 kwa wiki ni zaidi ya dakika tano. Kwa hiyo umeitunza kwenye boksi inazunguka wiki nzima, umeitoa, na bado unavuta kifunguo kuirekebisha. Tarehe nayo hizi saa zinahesabu 31 kila mwezi, mara tano kwa mwaka utairekebisha tu upende usipende.

Boksi lina wenyewe hata hivyo, nisiwe mchoyo. Zile saa zenye kalenda ya kudumu zinazojua mwezi wenye siku 30 na Februari ya mwaka mrefu (ule wa siku 366), hizo zikisimama ni balaa. IWC Da Vinci ya 1985, ile kalenda aliyoibuni fundi wao Kurt Klaus, yote inasogezwa kwa kifunguo kimoja siku baada ya siku na hairudi nyuma, ukipitiliza inabidi usubiri kalenda ikufikie. Imetengenezwa isiguswe mpaka 2100, mwaka ambao kwa hesabu ya kalenda hautakuwa mrefu. Mwenye saa hiyo anunue boksi, tena zuri. Ila mwenye saa hiyo hasomi maoni ya mtu aliyeweka sponji. Na mtu mgonjwa wa mikono au macho ambaye kuvuta kile kifunguo kidogo ni tabu kweli, huyo pia namuelewa.

Kwa sisi wa Pwani kuna adui mkubwa kuliko kusimama, nao ni unyevu. Mkanda wa ngozi ukifungiwa kwenye kitu kisichopumua unaota ukungu mweupe upande wa ndani, pale jasho lilipoingia, na hili boksi langu limevikwa mahameli ndani na kioo kinafunga vizuri, joto la Dar na jasho, jumlisha mwenyewe. Mikanda ya ngozi nimeitoa kabisa humo. Saa inayopumzika naifuta kwa kitambaa kikavu, naiweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, basi.

Kuiamsha hakuchukui hata dakika mbili. Yenye kujaza kwa mkono nazungusha kifunguo mara ishirini thelathini hivi taratibu, hiyo ya 7S26 naishika imelala naipeleka kulia na kushoto kama nusu dakika, mshale wa sekunde ukishashika njia mkono utamalizia. Halafu tarehe, na hapa muwe makini. Usibadilishe tarehe kwa haraka mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kile kijino cha kusogeza tarehe kinakuwa kimeshashika na unaweza kukivunja. Na kwa kuwa uso wa saa haukuambii ni usiku au mchana, sogeza mishale mbele mpaka uone tarehe inaruka, hapo ujue umepita saa sita usiku, endelea mpaka saa kumi na mbili asubuhi ndio uweke tarehe na siku, kisha peleka mishale kwenye saa yenyewe. Seiko zenye siku kwa lugha mbili, kama hizi za kutoka Dubai zenye Kiarabu, usishangae siku ikija mara mbili, chagua lugha yako tu.

Nyota nalipa boksi mbili na nusu kati ya tano. Moja ya kioo na mng'ao, linapendeza sebuleni wageni wanauliza, moja kwa kuwa mota haijanisumbua, na nusu ya kwamba baada ya sponji linafanya kazi lililosema litafanya. Kwa pesa hiyohiyo ungeongezea kidogo ukapeleka saa service ikafunguliwa ikaoshwa ikatiwa mafuta mapya. Ukiamua kununua pamoja na yote haya, angalia linaonyesha mizunguko kwa siku kwa namba, lina upande mmoja mmoja na pande zote, na mto wake ubane mkanda wako. Anza na namba ya chini kabisa, fanya lile jaribio la mezani, ndio upandishe.