Kliniki ya pumu Tabata: hapa mgonjwa anaulizwa kwanza (nyota 4)

Wenye wagonjwa wa pumu Dar, kuna hii kliniki ndogo ya kifua huku Tabata, nampeleka bimkubwa wangu na nyota nne naitoa kwa roho safi. Jengo la kawaida, foleni ndo zilezile za kila mahali, utofauti unauona ukishaingia kwa daktari.

Anaanza na shikamoo, kalamu haigusi. Akamuuliza, mama, hii pumu inakuzuia kufanya nini? Mama anakaanga vitumbua asubuhi kwa mkaa, akajibu anachotaka ni asiiache biashara yake. Kwingine tulikopita ilikuwa acha moshi, shika pampu, haya mwingine aingie. Huyu akauliza mpaka ile pampu ya kahawia mbona haipungui, ndo mama akafunguka kwamba inamtoa utando mweupe mdomoni na majirani walishamwambia ukiizoea ndo basi tena. Miaka yote hakuna aliyemuuliza hilo!! Akaelezwa taratibu, ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa kama nne tu ila uvimbe wa ndani inauacha palepale, wa kuutuliza ni ya kahawia, na utando unazuilika ukivutia kwa spesa (kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo) na kusukutua maji. Spesa ya dukani bei imechangamka, kwa hiyo wakamtengenezea ya chupa ya maji ya nusu lita, na sio kubahatisha, utafiti wa Afrika Kusini wa 1999 ulipima chupa hizohizo kwa watoto zikafanya kazi sawa na za kununua.

Halafu akampa njia mbili achague, bei kataja kabisa kabla ya kuandika: kahawia asubuhi na jioni kila siku huku bluu ikikaa ya dharura, au pampu moja yenye dawa mbili, budesonaidi ya kutuliza uvimbe na formoteroli ya kufungua njia ya hewa, avute akibanwa, ila hiyo hela yake imesimama. Mama akachagua ya kwanza, na jiko akakubali kulitoa uani kwenye upepo. Na anaivuta kweli, simkumbushi. Marekani waliwahi kufanya utafiti uliotoka 2010, watu wazima 612 ambao pumu yao ilikuwa haijatulia, walioamua dawa pamoja na mhudumu wakazitumia vizuri kuliko walioamuliwa tu.

Nyota moja nimeibania kwa sababu siku daktari huyu hayupo unakutana na kliniki nyingine kabisa. Aliyemshikia zamu aliandika bila kuinua macho, mama akatoka na maswali yake yote, niliumia sana. Huduma nzuri hivi haitakiwi ikae kwa mtu mmoja. Kule North Carolina, Marekani, walipousambaza huu mtindo wa kuamua dawa pamoja na mgonjwa kwenye zahanati walimtuma mwezeshaji akae na timu nzima hapohapo kazini, madaktari na manesi pamoja, na sio mmoja aende semina hotelini arudi na begi. Uongozi tunaomba mfanye hivyo, nesi anayepima presha pale nje anao muda na mgonjwa kuliko yeyote, akifundishwa kuuliza yale maswali mgonjwa anaingia ndani keshajua anachotaka.

Mkienda bebeni pampu zote mnazotumia, watakwambia uvute mbele yao waone unavyoshika. Jumatatu msiende, watu wanajaa mpaka nje.